Daktari Wetu Anakuja

Dada yake alipopiga simu, Daktari alikuwa amemlaza chura chali kwenye trei ya maabara, anautafuta moyo wake.

"Baba anaumwa tumbo," dada alisema. "Siku ya tatu sasa. Hospitali hataki hata kuisikia. Anasema anamngoja daktari wake."

Kijana alivua glavu, akatoka nje. Hapo ndipo angesema. Maneno yenyewe yalikuwa machache tu: mimi si daktari, mpelekeni hospitali. Badala yake alimwambia dada wampe maji kidogo kidogo, yeye atafika kesho akishamaliza mtihani wa vitendo. Alirudi kwa chura wake, na moyo hakuuona.

Uongo huo haukuanza kama uongo. Alipomaliza shule aliomba kusomea udaktari, na nyumba nzima ikaomba dua pamoja naye. Majina yalipotoka, nafasi za udaktari zilikuwa zimejaa. Chuo kikuu cha serikali kikamtupia zuolojia, elimu ya wanyama, kozi ambayo hakuwahi kuiota. Alikwenda nyumbani kutoa habari, akakuta mama yake ameshatangaza mtaa mzima kwamba amezaa daktari, na jirani mmoja ameshakunja suruali amwonyeshe goti. Aliona aibu kumvunja mama moyo mbele za watu. Akajiambia atarekebisha likizo ijayo. Likizo zikaja zikapita, na sasa alikuwa mwaka wa mwisho, anajua meno ya popo na matumbo ya sungura, na mtaani hakuna tena aliyemwita kwa jina lake.

Aliyemwokoa miaka yote hiyo ni baba. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na hakupenda mwanawe asumbuliwe. Wagonjwa wakijazana sebuleni aliwatimua: mwacheni mtoto apumzike, bado anasoma. Siku mtoto wa jirani alipomwagikiwa na maji ya moto, mama alipaza sauti Daktari aitwe, lakini kabla kijana hajavaa viatu baba alikuwa ameshambeba mtoto, anakimbilia zahanati huku futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Kijana alimshukuru Mungu kwa kumpa baba asiyependa makuu.

Kesho yake alifika nyumbani mchana. Mama alimpokea mlangoni, uso umechangamka.

"Maumivu yameisha, Daktari. Tangu asubuhi ametulia tuli. Amesikia tu kwamba unakuja."

Kijana aliingia chumbani. Baba alikuwa amelala chali, midomo imekauka, jasho jembamba limemtanda usoni. Tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Kijana alitamani angekuwa mjinga kabisa, asijue lolote. Lakini alikuwa amefungua matumbo mengi mno, na alikuwa amesoma kwamba utumbo ukipasuka maumivu huweza kutulia kwa muda, na kwamba utulivu huo si nafuu. Jana pengine angepona. Leo kijana hakuwa na uhakika hata wa kumfikisha hospitali akiwa hai.

Alimtuma dada mbio akatafute gari. Mama hakuelewa gari la nini na daktari yumo ndani. Alidhani labda kuna vifaa vya kufuata, akaenda jikoni kumchemshia Daktari maji ya kunawa.

Wakabaki wawili. Kijana alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuwahi kuogopa namna ile maishani mwake, lakini safari hii aliamua kusema, liwalo na liwe.

"Baba, nisamehe. Mimi..."

"Ngoja kwanza," baba alisema kwa sauti ndogo. "Mwaka wako wa kwanza nilikuja chuoni kukusalimia. Kwa wanaosomea udaktari hawakukujua. Nikaulizauliza, nikaelekezwa. Nikakuona dirishani, uko na wenzako, umeshika nyoka, unacheka. Sikuwahi kukuona ukicheka vile. Nikageuza, nikarudi stendi."

Kijana alishindwa kuinua uso.

"Sasa mama yako aliposema tukungoje wewe," baba aliendelea, akitafuta pumzi, "ningemjibu nini?"

Nyayo za mama zilisikika zikitoka jikoni, na maji yakichezacheza ndani ya beseni. Baba aliutoa mkono wake chini ya shuka, nao ulikuwa umeshaanza kupoa, akauweka kwenye kiganja cha mwanawe.

"Huyo anakuja. Shika hapo, kama unanipima mapigo."