Kibanda cha Watu Wawili

Siku hizo watu wa Mwanza walishuka mlimani kwa vibanda vilivyoning'inia kwenye kamba ya chuma, wawili wawili, na mizani ya kituoni ndiyo iliyopanga nani akae na nani. Uzito wa wawili ukizidi, mlango haufungi. Lushinge alikuwa pande la mtu, akashuka peke yake. Mkewe Nyanzobe alipangwa kila asubuhi na Sitta, kinyozi mwembamba anayenukia marashi.

"Mnaongea nini huko juu?"

"Tunatazama mabati ya watu, baba Kwandu. Wivu gani huo wa kitoto!"

Lushinge akaacha ugali wa usiku. Akaacha na chai ya maziwa. Suruali zikampwaya, kichwa kikawa chepesi, naye akafurahi kimoyomoyo.

"Mama Kwandu, imebaki kilo moja tu," alisema jioni moja. "Keshokutwa tunashuka wote."

"Hongera," alijibu Nyanzobe bila kumtazama. Akavuta sufuria, akajipakulia sahani ya pili, kisha ya tatu, akawa anatafuna polepole bila hamu, kama mtu anayemeza dawa.