Taa Iliyowaka Yenyewe

Nyanya yangu, Susu, alipofungua mlango, taa iliwaka yenyewe usoni mwake. Akapiga magoti.

"Naona mwanga! Bwana asifiwe!"

Akina mama wa kanisa, waliokuwa jikoni wakimwombea macho, wakaja mbio wakiimba.

Mimi, bingwa wa fizikia wa Kidato cha Tatu, nilikuwa nimechutama kando ya betri ya gari. Nilimfungia taa ile ili asipapase kiberiti tena. Nje, Landrova ya kuwapeleka watu wa Kathonzweni kupasuliwa macho ilikuwa ikipiga honi. Ikiondoka, ni hadi mwaka ujao.

"Susu, ni betri tu! Mlango ukifunguka, waya zinagusana. Ngoja uone."

Nikafunga mlango, taa ikazimika. Nikafungua, ikawaka. Wakaimba kwa nguvu zaidi.

"Ndolo, akili hiyo ulipewa na nani?" Susu akaniuliza.

"Na Mungu," nikajibu, kama tulivyofundishwa.

"Basi!"

Vidole vyake vikanyooka kutafuta shavu langu, vikapita hewani, vikagonga ukuta, mwishowe vikapata sikio. Akalivuta kwa upendo.

"Kimbia uwaambie wale wa Landrova waende wakachukue vipofu."