Vidoa Ubavuni

Nesi alisimama mbele ya tangi la samaki sebuleni kwake, bomba la sindano lililojaa dawa mkononi.

Samaki wake wawili wa diskasi, bapa na wa mviringo kama visahani, walikuwa wamegeuka weusi tangu juzi na kususa chakula. Ngozi ilitoa ute mzito. Asubuhi hii ubavu wa jike ulikuwa umejaa vidoa. Maji ameshabadilisha, joto ameshapandisha; ilibaki dawa.

"Si umwage tu, wifi!" dada wa mumewe alisema kutoka kwenye kochi. "Sisi ukitudunga mbona hutuonei huruma hivyo?"

Ndipo jike akajitikisa. Vidoa vyote vikabanduka, vikaogelea pamoja kama wingu la vumbi, vikatua ubavuni mwa dume.

Nesi akainama mpaka pua ikagusa kioo. Kila kidoa kilikuwa na macho mawili. Kila kimoja kilidonoa ule ute, kikameza, kikarudia.

"Wifi, njoo," alinong'ona, kwa sauti yake ya wodi ya wazazi. "Ni watoto wao. Wananyonya."

Tone la dawa lilining'inia kwenye ncha ya bomba. Akalikinga kwa kiganja.