Vilima vya Unga

Nasra aliukodolea macho mchoro uliotolewa na mashine ya eksirei ya kupimia fuwele. Unga wake, aliotaka usafishe maji yanayotia meno ya watoto wa mji rangi ya kahawia, haukuchora vilele vyembamba alivyovitarajia. Ulichora vilima vipana, kama vinavyoonwa ndotoni.

"Unga umeharibika, mwanangu," alisema Dakta Shekue, mwalimu wake. "Au mashine."

Nasra akapima unga mwingine, wa fuwele kubwa. Vilele vikachongoka kama sindano. Mashine ilikuwa nzima.

"Basi ulizisaga fuwele zako zikapinda."

"Sikuzisaga, mwalimu. Ni ndogo mno, ndiyo maana vilele vimetanuka. Na udogo huo unazipa uso mwingi zaidi, ndio utakaonasa uchafu wa maji."

Mwalimu akatabasamu. Nasra akafungua kichupa cha unga wake. Upepo wa dirishani ukauinua unga kidogo, ukaning'inia juani, usitake kutua.