Kikombe Mbele ya Mwenze

Nilikishika kikombe hewani, sikukisogeza.

Tangu jiwe limpige mume wangu Mwenze kichwani, kule mgodini Musonoi, nimekuwa nikimpa chai kama mama alivyonifunza: napiga magoti, namwekea kikombe katikati ya viganja vyake viwili. Hakuwahi kukifuata mwenyewe. Ndiyo maana sikuona kasoro yoyote.

Leo hospitalini daktari alimpitisha arudi kazini, maana herufi za ukutani alizisoma zote. Kesho anarudi kwenye kreni, kuning'iniza vyuma juu ya vichwa vya wenzake.

Muuguzi ndiye aliyenivuta kando. "Mama, macho yake ni mazima. Lakini mu kichwa, pahali ya kuona ni ingine, na fasi ya kupeleka mukono ni ingine. Hata nyani akiumia pale, karanga anaiona, mukono unapita pembeni. Usimutilie kikombe mu mikono. Ngoja akamate ye mwenyewe."

Sasa, nyumbani, nikangoja. Mvuke ulinichoma kidole gumba.

"Leta basi," Mwenze akasema.

"Kamata, tata," nikamwambia kwa heshima.

Alikitazama kikombe sawasawa. Mkono ukaja, vidole vimefunguka vizuri, ukapita kando, ukafumbata hewa.

"Mi naiona," akasema polepole. "Naiona bien, muzuri kabisa."

Kisha akaviweka viganja vyake pamoja mbele yangu, kama siku zote. "Tia hapa," akanong'ona. "Na usiseme."

Nje wenzake wa kreni wakaita: "Mwenze! Kesho unaingia kazi?"

Nikakiweka kikombe chini, nikaenda kufungua mlango, niwajibu mimi.