Mashine ya Upepo ya Masinde

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, Masinde aliikojolesha mashine yake. Aliinama chini ya tangi la upepo, akafungua kibomba kidogo, maji yenye kutu yakachuruzika mpaka yakaisha. Kisha alipangusa chujio la hewa, akapima oili, akabonyeza mkanda kwa kidole gumba kuona kama umelegea.

Ilikuwa mashine ya kupuliza upepo, yenye magurudumu mawili, aliyoinunua kwenye mnada wa vifaa vya jeshi huko Gilgil mwaka wa 1951. Masinde alichimba visima katika mashamba ya wazungu kuzunguka Nakuru. Upande wa Menengai ardhi hutoa hewa nzito isiyo na harufu. Mchimbaji akipita futi thelathini bila mpira wa kumpulizia upepo safi, hulala usingizi asiamke.

Hakuitunza hivyo tangu mwanzo. Alianza baada ya kifo cha Okelo.

Okelo alikuwa mchimbaji wake. Januari ya 1954, huko Rongai, mashine ilizima Okelo akiwa futi hamsini chini ya ardhi. Masinde mwenyewe aliusindikiza mwili kwa gari moshi hadi Kisumu, akaufikisha nyumbani, akasimama mbele ya jamaa akaeleza.

"Ilizima ghafla. Nikafungua plagi, nikaisafisha, nikairudisha. Nikazungusha hendeli mara tatu. Ilipokataa, nikamvuta. Nikakuta ameshakwenda."

Wazee walimshukuru kwa kumrudisha mtu wao.

Miezi minne baadaye Obura, mdogo wake Okelo, aliteremka stesheni ya Nakuru na kipande kipya cha kitambulisho mfukoni, akaenda moja kwa moja kwa Masinde kuomba kazi.

"Baba Wekesa," Nasimiyu alimwambia mumewe bila kuacha kusonga ugali, "huyo hakuja kuchimba."

"Ametafuta kazi, amekosa."

"Kwao kuna kazi."

Masinde alijua kwao kuna kazi. Lakini hakuweza kumtazama yule mtu usoni na kumwambia arudi.

Tangu Okelo afe, hakuna aliyekubali kushuka kwa upepo wa mashine ile, kwa hiyo Masinde alishuka mwenyewe. Obura alibaki juu, kati ya mashine na winchi ya mkono. Safari hii kisima kilikuwa cha Bwana Peterson wa Solai, aliyetaka maji upesi na hakutaka kuelezwa jambo lingine lolote.

Obura alishika kazi haraka. Wiki mbili hazikwisha kabla hajaweza kufungua kichwa cha mashine na kukirudisha bila kubakiza nati. Na aliuliza maswali.

"Fundi, kusafisha plagi huchukua muda gani?"

"Mkono uliozoea, dakika moja. Usiozoea, mbili."

"Na aliye chini, upepo ukikatika, ana muda gani?"

Masinde alikikunja kitambaa cha oili mara mbili. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kupima."

Kila jioni Obura aliteremsha kamba yenye mafundo kupima kina. Arobaini na mbili. Arobaini na sita. Masinde alimwambia si lazima kupima kila siku. Obura alisema anapenda tu kujua.

Walifika futi hamsini siku ya Ijumaa. Vibarua wa kuzungusha winchi walikuwa wamekwenda kupokea posho. Saa tano hivi, mpira uliacha kupuliza.

Masinde alisimama na sururu mkononi, akasikiliza. Mashine haikuwa ikinguruma. Alivuta kamba ya kiunoni mara mbili, ishara ya kupandishwa. Kamba ililegea tu. Akaita. Hakuna aliyechungulia. Alisikia spana ikigonga chuma huko juu, bila haraka, kisha hakusikia kitu kwa sababu masikio yalianza kuvuma. Kifua kilimwenda mbio. Akakaa kitako kwenye udongo. Alimfikiria Nasimiyu, kwamba alikuwa amesema kweli, na kwamba hatapata nafasi ya kumkubalia.

Ndipo kamba ikamkaza kiunoni.

Alifika juu amefumba macho. Obura alimlaza kwenye nyasi, akamfungua vifungo vya shati, akampepea kwa kofia. Masinde alikohoa, akatapika, akafumbua macho. Kisha alimshika Obura mkono akalia waziwazi, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa.

"Ungeweza kuniacha," alisema. "Mke wangu alisema utaniacha. Mungu akubariki, ndugu yangu. Mashine imezima, nawe umenivuta."

"Haikuzima," alisema Obura, akimmiminia maji kikombeni. "Nilifunga petroli."

Masinde aliuachia ule mkono.

"Nikafungua plagi, nikaisafisha, nikairudisha. Nikazungusha hendeli mara tatu. Sikuharakisha. Ndipo nikavuta, peke yangu." Obura alimpa kikombe, akasubiri mpaka akishike vizuri. "Okelo alifika juu amekufa, fundi. Wewe unaongea."

Masinde alikunywa maji yote kwanza.

"Siku ile sikuwepo," alisema. "Niliporudi, mashine ilikuwa imeshapoa."