Kilemba cha Siti Radi

Asubuhi ya siku ambayo tingatinga lilikuwa lije kubomoa soko, Bi Melania Ngowo aliwakuta wauza mboga wamejipanga langoni, kila mmoja amejifunga kilemba chekundu. Akashika kifua. Miaka arobaini nyuma, akiwa mchoraji wa gazeti la watoto, alimbuni Siti Radi, shujaa wa katuni aliyezuia mafuriko kwa viganja vyake. Kilemba chake alikipaka rangi nyekundu kwa sababu katika kiwanda cha uchapaji ulibaki wino huo tu.

"Bibi, sogea pembeni, utaumia," dada mmoja kati yao alimwambia.

"Hivyo vilemba ni vya nini, mwanangu?"

"Vya Siti Radi! Humjui? Mama alinisimulia habari zake hata kabla sijajua kusoma."

"Na nani alimbuni?"

Dada akacheka. "Abuniwe na nani, bibi? Siti Radi yupo tangu zamani!"

Bi Melania alifungua mdomo ajitaje, kisha akaufunga. Furaha ilimjaa. Maisha yake yote hakuwahi kupewa sifa iliyofikia hiyo.

"Basi nifunge na mimi," akasema.

Dada akavua kilemba chake, akakichana vipande viwili, akamfunga kimoja. Wakashikana mikono. Tingatinga likaja likinguruma, likasimama hatua tatu mbele yao. Dereva akawatazama mmoja mmoja, akazima injini.

Soko zima likalipuka vigelegele, na cha Bi Melania kikasikika juu ya vyote. Dereva akashuka na ufunguo mkononi, akaanza kutembea polepole kuwaelekea, akiwanyooshea ufunguo huo wauchukue.